Elfu Saba za Kuchezea Udongo

Tangazo aliliona mke wangu. Alinipa simu tukiwa tumeketi barazani baada ya magharibi: darasa la watoto, kutengeneza rangi kwa udongo na kuchorea, Mji wa Kale wa Mombasa, Jumamosi nne, shilingi 3,500 kila mtoto. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mie ni mtoto wa Majengo. Udongo tumeuchezea bure, tena tukirudi nyumbani twachapwa kwa ajili yake. Leo walipiwa?

Kucheka kwangu hakukunisaidia kitu. Binti yangu, ana miaka minane, alikuwa keshasikia. Dadangu naye akasema kama wako aenda, na wangu ataenda, na wewe ndiye mjombake. Mpwa wangu ana miaka sita. Ndivyo elfu saba zilivyotoka mfukoni mwa fundi seremala, mwezi ambao kazi yenyewe ilikuwa ya kubahatisha.

Nimeona wazazi wengi wanauliza kama darasa hili lina maana, na majibu wanayopewa ni "zuri sana" pamoja na picha za watoto wenye mikono michafu. Mie nilikaa Jumamosi zote nne kwenye kibao cha nyuma, kwa sababu mpwa wangu ana pumu na sikutaka kumwacha. Basi nasema nilichokiona.

Mahali penyewe hapana bango. Kutoka Ndia Kuu unaingia kichochoroni, unauliza kwa mwalimu wa udongo ni wapi, na hata muuza kahawa atakuonyesha kwa kidole. Ni ghorofa ya kwanza ya nyumba kongwe ya mawe na chokaa, dari ya boriti, madirisha makubwa yanaleta upepo wa bahari. Mlango wa chini umechongwa vizuri ila bawaba zimechoka, na ngazi ni za wima. Mdogo mshike mkono. Watoto walikuwa 14, mwalimu mmoja, kijana mmoja wa kumsaidia, na sinki moja. Hiyo sinki nitairudia. Tangazo lasema saa tatu asubuhi, lakini hatukuwahi kuanza kabla ya saa nne kasorobo. Jumamosi ya pili nilifika saa tatu na nusu kwa makusudi, nikawa bado nimewahi.

Siku ya kwanza mwalimu alikuwa ametandika jamvi na kupanga mafungu ya udongo, kama akina mama wa soko la Kongowea wanavyopanga nyanya. Mwekundu, wa manjano, wa hudhurungi, wa kijivu, na mmoja wa waridi ambao sikuamini ni udongo mpaka nilipoushika. Hakutoa hotuba. Chovya kidole kwenye maji, gusa udongo, paka kwenye karatasi. Robo saa baadaye kila mtoto alikuwa na karatasi yenye madoa ya rangi yaliyopangwa kwa safu, na hakuna aliyekuwa ameuliza kalamu ziko wapi.

Mie nikauliza swali langu: udongo huu umetoka wapi? Sikuwa natafuta ugomvi. Sisi wa Mombasa twaijua Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama ya hapa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Mtoto atakayesaga udongo kwa mikono, kisha ale mahamri kwa mikono hiyo hiyo, lazima ujue udongo ni wa wapi.

Mwalimu hakuona vibaya. Alinitajia fungu moja moja. Mwekundu ni wa shamba la kwao upande wa Kwale. Wa manjano ulitoka huko huko, chini kabisa, walipokuwa wakichimba kisima. Wa waridi alipewa na jamaa yake anayekaa karibu na Marafa, kule kwenye magenge ya Nyari yaliyochongwa na mvua mpaka yakaonyesha matabaka meupe, ya waridi na mekundu. Hachukui udongo wa kando ya barabara kuu, wala wa karibu na gereji, wala wa ukutani penye rangi kuukuu iliyobambuka. Baada ya jibu hilo niliacha kuinung'unikia ada. Niliacha kidogo.

Kisha akatoa msumari ulioshika kutu, akaukwangua kwa kisu juu ya karatasi nyeupe. "Hii ni nini?" Watoto wote kwa pamoja: "Kutu!" Akauweka ule unga kando ya udongo mwekundu. Rangi moja. Akawaambia udongo huu ni mwekundu kwa sababu una chuma ndani yake, na chuma hicho kimeshika kutu. Basi. Sijapata kusikia somo la kemia fupi namna hiyo, na mie kemia nilipata D.

"Na unga mwekundu kama huu Kiswahili chake ni nini?" akauliza. Kimya. Nikajikuta nimejibu kutoka nyuma: "Ngeu." Vichwa 14 vikageuka.

Marehemu babangu alikuwa seremala kabla yangu, wa milango na madau. Alikuwa na kifuu chenye ngeu iliyokorogwa na maji. Anapitisha uzi humo, mie nashika ncha moja kwenye ubao, yeye ncha ya pili, anauvuta juu kwa vidole viwili na kuuachia. Pa! Mstari mwekundu umelala kutoka huku hadi kule, umenyooka kuliko rula yoyote. Huko ndiko kupiga ngeu. Siku hizi nina kidude cha plastiki cha dukani chenye kamba na unga wa buluu, na ngeu yenyewe sijaishika yapata miaka 20. Watoto wa leo wakilijua neno hili basi ni ngeu ile ya kupasuana vichwa kwa mawe, damu ikachuruzika mpaka kwenye nyusi. Na ukifikiri, rangi ni ile ile.

Mwalimu aliniita mbele nionyeshe uzi unavyopigwa. Nilionyesha. Ada haikupunguzwa.

Sasa lawama kubwa. Kusaga. Siku hiyo ya kwanza watoto walipewa mawe na vigae, wakaambiwa wasage udongo ukiwa mkavu. Watoto 14 wanasaga, upepo niliousifu unapita dirishani. Baada ya dakika kumi chumba kilikuwa kama njia ya vumbi matatu ikishapita. Mpwa wangu akaanza kukohoa. Nilimtoa nje na dawa yake ya kuvuta, nikaketi naye kwenye ngazi mpaka kifua kikatulia, kisha nikarudi nikasema yangu. Sisi mafundi vumbi twalijua. Hata la mbao si la kuchezea. Mwalimu aliomba radhi mbele ya watu, na kuanzia Jumamosi ya pili kila kitu kilisagwa na maji, kama unavyosaga viungo kwenye jiwe. Vizuri. Lakini jambo hilo halikupaswa kungoja mtoto akohoe. Ukiwa na mtoto mwenye kifua, uliza kabla hujatoa pesa.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyonitia adabu.

Asubuhi waliosha udongo. Unaukoroga kwenye ndoo, unahesabu hadi thelathini, mchanga unatua chini. Yale maji yenye tope unayamimina kwenye chombo cha pili na kuyaacha, na kitakachotua humo, laini kama unga wa ngano, ndicho rangi. Mamangu alikuwa akiosha mchele namna hiyo ili kutoa changarawe, ila hapa unachokimimina ndicho unachokitaka. Binti yangu alirudia mara tatu kwa hiari yake. Huyu huyu ambaye nyumbani kusuuza kikombe kimoja ni kesi.

Kisha tukashuka uani. Jiko la makaa, kikaango kikuukuu, ndani yake udongo wa manjano. Watoto waliketi nyuma ya mstari wa chaki. Muda mrefu hapakutokea kitu. Wakachoka, wakaanza kusukumana, mmoja akauliza kama wanapika nini. Halafu kingo zikaanza kugeuka. Hudhurungi kwanza, kisha kama chungwa, kisha wekundu ukawa unaingia katikati polepole, na msaidizi anageuza kwa mwiko. Binti yangu akasimama. "Baba, umeungua!"

Mwalimu akasema haukuungua, umekauka. Udongo wa manjano una chuma vile vile, ila chuma chake kimeshikana na maji ndani kwa ndani. Moto ukiyafukuza maji hayo, manjano huwa mekundu, na hayarudi hata uumwagie pipa zima. Ndiyo sababu chungu huingia motoni kikiwa na rangi ya tope na kutoka chekundu. Nina miaka 41. Vyungu nimenunua, nimevunja, nimenunua vingine, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Siku hiyo hiyo mpwa wangu alileta mkebe wa siagi uliojaa tope la mikoko, alilochota Tudor na kakake mkubwa. Jeusi tititi, lanuka kama yai viza. Alitaka liwe rangi yake nyeusi. Mwalimu alilipokea kwa kijiti, akamweleza kwa upole kwamba mkono ule wa bahari wapokea maji machafu ya mji, asichote tena, kisha akaliweka dirishani juani. Jumamosi iliyofuata lilikuwa kijivu cha kusikitisha. Weusi wa tope la mikoko hutokana na chuma na salfa kukaa pamoja pasipo hewa. Likianikwa, hewa yaingia na weusi wafa. Mpwa wangu alilia kweli kweli. Hakuna aliyemcheka, na mwalimu alimpa kazi ya kusaga makaa ya vifuu, ambayo hayapauki hata uyaanike mwaka mzima. Alisaga kama anayelipiza kisasi.

Nyeupe walitengeneza kwa maganda ya mayai, yale yanayotupwa na muuza mayai ya kuchemsha. Niliuliza kwa nini wasitumie chokaa, maana Mji wa Kale wote umesimama kwa chokaa. Mwalimu akasema chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na watoto hufikicha macho. Hapo sikuwa na la kuongeza. Nimewahi kuingiwa nayo.

Jumamosi ya tatu walipelekwa Fort Jesus kwa miguu, nami nikadhani ni siku ya kujaza ratiba. Ngome yenyewe kila mtoto wa hapa ameshapelekwa na shule: Wareno, 1593, mizinga, soda. Lakini safari hii hawakusimama kwenye mizinga. Walikwenda moja kwa moja kwenye michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliokuwa wakilinda zamu, meli na samaki na watu, nyekundu na nyeusi. Ngeu na makaa. Watoto waliotoka kusaga ngeu na makaa Jumamosi iliyopita wakaikodolea macho kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Mvulana mmoja akasema kwa sauti: "Mwalimu, hawa nao hawakuwa na buluu!"

Chini ya mti, wakinywa maji, mwalimu aliwahadithia pango la Panga ya Saidi, hapo Kilifi. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba mtoto wa miaka kama mitatu alizikwa humo yapata miaka 78,000 iliyopita, na wao wenyewe wamempa jina la Mtoto, kwa Kiswahili. Katika pango hilo pia vimepatikana vipande vya ngeu vilivyopita mikononi mwa watu wa kale. Wengi walisikiliza kidogo kisha wakafuata paka. Mpwa wangu njia nzima ya kurudi alikuwa ananiuliza mamake yule Mtoto alikuwa nani. Sikuwa na jibu, nikamnunulia mabuyu.

Jumamosi ya nne ndiyo ya kuchora. Unga wa udongo peke yake haushiki, ukikauka unapukutika. Kwa hiyo wanaufunga kwa gundi ya mgunga iliyolala kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, asali kidogo ili rangi isipasuke, na tone la mafuta ya karafuu ili isiote ukungu. Chumba kilinukia kama jikoni kwa shangazi siku ya Idi. Waliotaka walijaribu kiini cha yai badala ya gundi, nacho chashika sana, chatoa mng'ao, ila kitumie siku hiyo hiyo. Kwa joto letu, kesho hutakipenda. Na asali nina neno nayo. Picha ya binti yangu niliitundika sebuleni jioni, asubuhi nikakuta msafara wa sisimizi umelivuka jua lake kutoka upande hadi upande. Nilipompigia mwalimu simu alicheka, akasema nyumbani tupunguze asali nusu.

Kuhusu buluu. Watoto wa kisiwani, waambie wachore chochote, watachora bahari. Na udongo wetu hauna buluu. Mamangu tulipomweleza alisema wapewe nili ya kufulia, yaishe. Mwalimu alikataa, alitaka wamalize na walichosaga wenyewe. Akawaonyesha ujanja: changanya makaa na ile nyeupe ya maganda, paka kando ya udongo wa rangi ya chungwa, kisha rudi nyuma hatua tano utazame. Nilirudi nyuma hatua tano. Wallahi, ilikuwa buluu. Watoto walipiga makofi. Binti yangu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akasema: "Ni kijivu." Hatukuweza kumbishia, kwa sababu ni kijivu.

Pale mlangoni huuzwa kikasha cha kwenda nacho nyumbani, shilingi 1,800. Usinunue. Ndani mna pakiti tano za unga ambao mtoto wako ameshajifunza kuutengeneza, kichupa cha gundi cha kupaka picha mbili, na brashi inayonyonyoka; nilihesabu nywele saba kwenye bahari ya jirani. Gundi nenda kwa wauza viungo karibu na soko la Marikiti, utapata kifuko cha miezi kwa pesa kidogo.

Na ile sinki. Watoto 14 wenye ngeu hadi viwikoni, bomba moja, foleni ya nusu saa. Mtoto hatangoja nusu saa, atajipangusia nguoni. Gauni jeupe la binti yangu tulilitia Jik ya kung'arisha nguo, doa likakaa pale pale likitutazama. Kutu haitishwi na Jik. Ndimu na chumvi juani zilipunguza, hazikumaliza. Mvalishe nguo ya kutupa, na wewe mwenyewe usije na kanzu kama nilivyofanya siku ile nilipotoka hapo kwenda harusini.

Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, ningelipa tena, na nimeshamwandikisha binti yangu awamu ijayo. Wa sita bado mdogo: kungoja udongo utue ni kazi kwake, na mawe ni mazito. Ukipeleka wawili, omba upunguziwe kabla ya kulipa. Mie niliomba baada ya kulipa, nikapewa tabasamu.

Juzi Jumatatu nilikuwa na kazi Nyali, makabati ya jikoni. Nikatoa kile kidude changu, nikavuta kamba, nikaipiga ubaoni. Hakuna mstari. Nikapiga tena. Nikafungua: kitupu, kimekung'utwa hadi kwenye pembe. Jioni nikaingia nyumbani nikaikuta bahari imeanikwa juu ya friji, buluu ya kweli, ina mawimbi na ina ngalawa.

"Baba, hii si kijivu," akaniambia, kabla sijavua viatu.

Maduka yalikuwa yamefungwa na mteja alinitaka saa moja asubuhi. Nikamwomba anipe ngeu yake kidogo, ile ya kuokwa. Akaenda akaleta mkebe, akachota kijiko, akausawazisha unga juu kwa kidole, akakishika hewani bila kunipa.

"Hamsini."

Nililipa. Kesho yake nikatia ngeu kwenye kifuniko cha chupa na maji kidogo, nikapitisha uzi. Mstari ulitoka.